Kitendawili Kilichonyimwa Mji

Hounslow, 18 Septemba 2023

Kwa mdogo wangu Sheikha,

Salamu nyingi zikufikie hapo Wete, wewe na binti yako Zuwena na kila anayekula katika sinia lenu. Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo siku hizi lina maoni yake kila nikipanda ngazi. Mwanangu Amir na mkewe wanatoka alfajiri wanarudi usiku. Mjukuu wangu Nusra ametimiza miaka kumi na miwili. Nikimwambia "njoo ule" anakuja, anakula, ananishukuru kwa Kiingereza. Kiswahili anakielewa chote, hasa ukimsengenya.

Barua hii inakuja kwa mkono wa Ghalia wa Edmonton, mtoto wa marehemu binamu yetu, anayekuja huko kumwona mamake. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ni ya kutumiana maua ya Ijumaa, basi. Ukitaka kusema jambo la maana humu ndani, Amir anaweka spika na nyumba nzima inachangia.

Sasa nisikilize. Tangu nistaafu ukarani wa mizigo iliyopotea kule kiwanja cha ndege, mchana ulikuwa umenishinda. Nimejiunga na darasa la wazee kwenye maktaba ya mtaa, kila Jumanne. Tunasoma asili ya fasihi ya Kiingereza. Cheka, ukimaliza kucheka endelea kusoma.

Unamkumbuka yule mwalimu wetu wa skuli aliyetufundisha kana kwamba Kiingereza kilishuka kutoka juu kimeshavaa tai? Uongo mtupu! Watu hawa walikuja na mashua kutoka huko ziliko Ujerumani na Denmark za leo. Wakawakuta wenyewe wa kisiwa, wakawasukumia milimani, halafu wakawaita kwa neno la kwao lenye maana ya "wageni". Wallahi si uzushi wangu, jina hilo wale watu wanalo mpaka leo. Mwenye nyumba kaitwa mgeni, na aliyeingia dirishani ndiye aliyekaa kutunga mashairi.

Tena mashairi yenyewe hayana vina! Kazi yao ilikuwa kurudia sauti moja mwanzoni mwa maneno, kama mtu mwenye kigugumizi. Kuandika walichanja vijialama kwenye mifupa na mawe, mpaka watu wa kanisa walipowaletea herufi kutoka Rumi. Herufi hizi walizokuja kuturingia, Sheikha, na wao waliazima. Na watunzi karibu wote hawajulikani majina. Mtu katunga, kafa, hana hata kaburi la kuonyeshwa.

Wana na vitendawili, karibu mia, katika kitabu kimoja kikongwe kinachotunzwa kanisani. Vingine siwezi kukuandikia. Ukivisikia mwanzo unaziba masikio, kumbe jibu ni kitunguu. Na walioviandika ni watawa! Ila majibu hawakuyaweka. Miaka elfu wataalamu wamekaa kukisia, huyu anasema nanga, yule anasema jembe.

La mwisho. Chumba cha mbele ni kitupu tangu mke wangu afariki. Kina dirisha la barabarani. Amir yuko tayari kukushughulikia viza. Wewe huko uko peke yako, na mimi huku niko peke yangu katikati ya watu. Lifikirie.

Kaka yako,
Abdulsamad


Wete, 20 Oktoba 2023

Kwako kaka yangu,

Barua imefika, na Ghalia kafika nayo, kanenepa mashaallah, Ulaya imempenda. Sisi wazima. Zuwena yuko kwa mumewe Chake, huja Ijumaa. Karafuu mwaka huu si haba, uwani kwangu hapakanyagiki kwa majamvi. Paa lilikuwa likivuja upande wa chumba cha marehemu mama, sasa limezibwa. Kaliziba Muhsin, yule mwenzio wa utotoni, ambaye mkewe alifariki mwaka juzi. Kapanda mwenyewe na umri wake, wala sikumwomba. Namwambia utaanguka, ananijibu akianguka hapa atakuwa kaangukia pema. Nikamwacha huko huko juu.

Habari za Waingereza wako nimezisoma. Kaka, umekwenda Ulaya na akili zako, umekaa miaka hamsini, leo ndiyo unajua kuwa watu wale huingia nyumba za watu? Si ungeniuliza mimi! Ningekwambia bila ya darasa, na Jumanne ungelala.

Lakini hilo la vitendawili limenichekesha mpaka Zuwena kaja mbio kunitazama. Miaka elfu wanakisia! Hivi huko hakuna mtu wa kuwaambia? Hawakutoa mji! Mtu ukishindwa unasema nimeshindwa, unaulizwa unatoa mji gani, unautoa, mwenye kitendawili anakwenda anastarehe nao, akirudi ndipo anakupa jibu. Wao wamekaa wanabishana na maiti, nani atawajibu bure? Tena wale kutoa miji si desturi yao. Wa kwao hawautoi, ya wenzao wanaichukua. Mwambie mwalimu wako, mwambie kasema Sheikha wa Wete.

Unaikumbuka baraza ya baba, wewe na mimi na Muhsin? Ulikuwa hukisii kitu, masikini. Ulimpa Muhsin Mombasa, ukampa Lamu, ukampa Maskati, ukampa hata London kabla hujaiona. Mama akitusikia kutoka ndani anasema: "Toeni mji wowote, ila Wete msiutoe. Mtu akishautoa mji wa kwao atalala wapi?" Na wewe ukiapa kuwa huo hutautoa maisha.

Basi nami nakutegea. Fikiri peke yako, usimwonyeshe Amir, na jibu liandike kwenye karatasi, nisije nikalisikia kwenye spika.

Kitendawili!

Nyumba yangu ina mlango mmoja, bawabu yuko Ulaya. Mgeni kasimama barazani, na chai inapoa.

Nakungoja. Habari ya chumba chako nimeisikia.

Mdogo wako,
Sheikha


Hounslow, 28 Novemba 2023

Kwa mdogo wangu,

Barua yako nimeletewa na Ghalia pamoja na karafuu ulizozifunga kwenye kitambaa, na kabati langu zima linanukia kwetu. Baridi imeshaingia. Goti salama kwa leo. Nusra nimemwambia "Kitendawili!" na yeye bila kuinua macho kwenye simu yake akasema "Tega." Neno la Kiswahili, Sheikha, na limemtoka mwenyewe! Nilipotaka kumtegea akarudi kwenye Kiingereza chake.

Ujumbe wako nimeufikisha. Emma, mwalimu wetu, msichana mwenye subira na sisi wazee, alisimama kabisa. Akaandika "mji" ubaoni kwa herufi kubwa, akasema miaka yote aliyosoma hakuwahi kusikia jambo kama hilo. Ile ya kwamba wa kwao hawautoi nayo nilimfasiria. Akawa mwekundu, akasema ni kweli.

Na kwa kuwa walikuwa wameshachangamka, nikawategea chako. Basi ikawa vurugu. Emma anasema ni kinywa, bawabu ni ulimi. Jaya, mama wa Kihindi aliyekuwa na duka Kampala, anasema ni duka lililofungwa na mwenyewe kasafiri. Kuna mzee mmoja Mwingereza husinzia tangu salamu mpaka kwaheri, akazinduka akasema "Pasipoti!" kisha akalala tena. Balbir, Kalasinga wa Nairobi aliyekuwa dereva wa basi, ambaye Kiswahili chake kinatosha ugomvi na sokoni, alicheka mpaka akakohoa. Kumuuliza jibu, akasema: "Mzee, hii si ya darasani."

Sasa tumefika kwa Wafaransa. Waingereza walivamiwa nao, wakatawaliwa na wafalme wasiokijua Kiingereza, karne kwa karne. Ng'ombe akiwa hai zizini aliitwa kwa Kiingereza, kwa sababu mchungaji ni Mwingereza. Akishapikwa na kuwekwa mbele ya bwana, nyama yake inaitwa kwa Kifaransa. Vitabu ni Kilatini, mahakama ni Kifaransa, Kiingereza kikabaki cha zizini. Na hao wa zizini ndio waliokuja kutuchapa tukinong'ona Kiswahili darasani! Nilipolisema hilo Balbir alipiga meza.

Basi, kitendawili chako kimenishinda. Natoa mji. Nakupa Hounslow, na stesheni zake, na ndege zinazopita juu ya paa mpaka vikombe vinacheza kabatini. Chumba tumekipaka rangi, kijani kile ulichokuwa ukikipenda. Njoo uuchukue mji wako.

Kaka yako,
Abdulsamad


Wete, 30 Disemba 2023

Kaka,

Salamu ni haki ya Mungu, kwa hiyo nakupa: asalaam alaykum. Sisi wazima. Karafuu zimekwisha. Habari nyingine zitangoja.

Umenifanya somo la darasani! Nimekwambia fikiri peke yako, wewe umeibeba siri yangu umeipeleka mbele ya Kalasinga na mwenye duka na mzungu anayesinzia. Ndugu yangu wa tumbo moja kashindwa, dereva wa basi kaelewa! Umenivua nguo, tena kwa tafsiri.

Na Hounslow yako siitaki. Mtu hupewa mji akastarehe, hapewi mji akapike, afue na akande goti la mtu. Umeandika dirisha, umeandika rangi ya kijani, hukuandika kwamba unataka mtu wa kukutazama. Lakini na mimi kusoma najua, kaka. Mwambie Emma nami anitie kwenye daftari lake la mahudhurio.

Jibu basi nakupa bure, bila ya mji. Nyumba ni mimi. Mgeni ni Muhsin, kaniposa. Bawabu ni wewe, walii wangu. Baba hayupo, ami zetu wamekwisha, mwanamume wa kuniozesha kabaki mmoja duniani naye yuko Hounslow anakisia kinywa na pasipoti. Mimi nina miaka sitini na sita, ni mjane mwaka wa nane huu, na Muhsin nimemridhia. Nimeridhia vile anavyokohoa mlangoni kabla ya kubisha, na vile anavyonicheka. Nimesema, na sioni haya.

Kwa hiyo ama njoo uniozeshe mwenyewe, ama mwandikie kadhi wa hapa umpe uwakili. Mistari mitatu inatosha, si lazima uanze na mashua za kutoka Ujerumani. Kadhi kashanambia kwamba walii akiwa mbali na hajibu, yeye ana uwezo wa kuniozesha. Najua. Lakini sitaki kuozwa na ofisi kama mtoto wa kuokotwa, na kaka ninaye. Nataka nikupate wewe useme: nimemuoza dada yangu.

Iwe kabla ya Ramadhani.

Sheikha


Hounslow, 30 Januari 2024

Kwa mdogo wangu Sheikha,

Tunamshukuru Mungu, wazima. Amir kapata mafua, kampa mkewe, mkewe kanipa mimi. Theluji ilitaka kuanguka ikaona aibu. Barua yako nimeipokea na nimeisoma.

Kabla sijasema lolote, ngoja nikupe ya darasani, maana nayo inahusu. Kile kitabu chao cha vitendawili tumeonyeshwa picha zake. Kurasa za mwanzo zina mikato ya kisu, mtu alikuwa akikatia vitu juu yake. Pana na duara la chombo, kikombe au chungu, kilichomwagika kikaacha alama. Kurasa za mwisho zimetobolewa na moto. Hiyo ndiyo hazina, Sheikha! Ushairi wao mkongwe karibu wote uliobaki uko katika vitabu vinne tu, na kimoja kati ya hivyo kiliungua ukingoni hapa hapa London. Sisi mama alipofungia kashata kwa karatasi za mashairi ya babu tulisema ni ujinga wa kwetu. Kumbe ni ustaarabu, tulikosa tu mtu wa kutujengea jumba la makumbusho.

Sasa Muhsin. Muhsin nimempa Mombasa, nimempa Lamu na Maskati, na bado hajashiba, anataka na dada yangu! Kuziba paa kila mtu anaweza. Wenzenu umri huo wanashona sanda, nyinyi mnashona nguo za harusi. Watu watasema nini? Zuwena atamwita nani, baba? Na kile chumba, ambacho Amir alikesha na brashi, nakifanya stoo?

Mimi sisemi hapana. Nasema jambo la ndoa halitaki pupa. Waingereza wenyewe, baada ya Wafaransa, iliwachukua karne tatu kurudi kuandika mambo makubwa kwa lugha yao, na hawakufa. Tutalizungumza vizuri nikija.

Kaka yako,
Abdulsamad


Wete, 21 Februari 2024

Kaka,

Asalaam alaykum. Wazima.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikijitafuta ndani yake. Nimo juu, kwenye salamu. Huko chini mmejaa wewe, Waingereza na brashi ya Amir.

Sanda yangu haina haja ya kushonwa. Iko kabatini tangu nilipokwenda hija, imekunjwa na udi ndani yake. Mtu ambaye sanda yake iko tayari hana wa kumwogopa, anaweza akanunua na doti ya kanga. Watu waache waseme, hapa Wete watu wasiposema tunajua wana homa. Zuwena atamwita Muhsin "Mzee Muhsin", kama alivyomwita siku zote.

Na hilo "nikija" lako lina umri mkubwa kuliko huyo Zuwena. Mama alilisikia mpaka akaingia kaburini nalo. Alikuwa akiuliza, "Kasema anakuja lini?" na mimi nikimwambia kasema akija. Sikutaka kukuandikia hili, umenilazimisha.

Karne tatu! Wao walikuwa nazo. Mimi nina mwezi wa Shaabani, nao umeshapungua. Bawabu kalala na ufunguo mfukoni, basi mlango utafunguliwa kwa sheria. Wiki ijayo nakwenda kwa kadhi.

Usije ukasema hukuambiwa.

Sheikha


Hounslow, 27 Februari 2024

Mdogo wangu Sheikha,

Sijapata jibu lako, na silingoji. Kuna jamaa wa Hayes anaondoka karibuni, nataka aichukue hii. Hatujambo. Nimetoka darasani sasa hivi, koti sijalivua.

Leo Emma katusomea sheria za wafalme wao wa kale, kabla ya Wafaransa. Hao hao wa kuchanja mifupa, hao wa zizini. Wamesema: mjane akae miezi kumi na miwili, kisha achague mwenyewe anachokitaka. Miaka elfu iliyopita, Sheikha! Na sheria ile haikutaja kaka, wala goti la kaka. Nilikuwa nimejiandaa kucheka, nikainamia daftari. Balbir akageuka akanikodolea macho. Nikamuuliza, unatazama nini? Akasema, "Natazama bawabu."

Yeye alijua tangu Novemba. Siku ile aliniambia kwenye kituo cha basi, "Dada yako anataka kuolewa, wewe unampelekea Emma akisie." Nikamtukana, Mungu anisamehe, na kituo kizima kikasikia. Nilimtukana kwa sababu na mimi nilijua. Nilijua kabla sijafika kwenye kitendawili, pale ulipoandika kwamba Muhsin kapanda paani na hukumwomba. Darasani nilikipeleka ili wanipe jibu jingine.

Naona vibaya kusema, lakini nitasema. Naogopa. Miaka hamsini mtu akiniuliza kwenu wapi, nasema Wete, dada yangu yuko. Nilikuwa nimekuweka huko, nikidhani utakaa vile vile mpaka nije. Na kazi niliyoifanya ilikuwa ya mizigo iliyopotea! Mzigo usiofuatwa na mwenyewe hutolewa kwa mwingine, nilitia saini mwenyewe kila wiki. Ukiolewa na Muhsin, hapo nyumbani atabaki nani wa kuningoja? Hilo ndilo lililonifanya nikuandikie habari za vikombe na moto.

Ndani ya bahasha kuna barua ya kumpa kadhi. Nimempa uwakili akuozeshe kwa Muhsin, kwa mahari mtakayoridhiana wenyewe. Ni mistari mitatu. Hamna Mwingereza ndani yake.

Na mchezo nao tuumalize kama ulivyo. Nilishindwa, nikakupa mji wa hila, ukaukataa, umefanya vyema. Natoa mwingine, na huu sikuwahi kumpa mtu.

Nimekupa Wete.

Kaka yako,
Abdulsamad


Wete, 25 Machi 2024

Kaka yangu,

Ramadhani njema kwako na kwa Amir na wote. Saumu zinakwenda, jua kali, tambi za futari nimezipika mwenyewe. Zuwena hajambo. Jamaa wa Hayes alipitia Dar kwa shemeji zake, akakaa, akala, akalala, ndiyo barua yako ikafika na sisi tumeshafunga siku kadhaa.

Wali umeliwa, walii hajafika. Ndivyo wanavyonitania mtaani, na nimewaacha, maana wamesema kweli.

Nilikwenda kwa kadhi wiki ile ile niliyokwambia. Akaniuliza mbele ya mashahidi, "Walii wako yuko wapi?" Nikasema, yuko Ulaya, anasoma asili ya Waingereza. Watu wakacheka, na mimi nikacheka kuwashinda. Nilipofika nyumbani nikaingia chooni nikalia. Hilo nakwambia ulijue. Nilitaka lile neno litoke kinywani mwako, sikulipata, na halitarudi nyuma likatokea siku ile.

Idhini yako niliipeleka kwa kadhi hata hivyo. Akaisoma, akasema ndoa imeshafungwa, karatasi hii haina kazi tena. Nikamwambia kwake haina. Nimeiweka kabatini juu ya sanda.

Muhsin kanuna. Anasema yeye alipewa Mombasa na Maskati hakupata hata nauli ya kwenda kuitazama, mimi nimepewa mji mzima na paa ambalo kaziba yeye. Anakusalimu. Anasema umwambie Balbir akija Pemba atakula bure.

Balbir mwenyewe umwombe radhi. Na kile chumba cha kijani mpe Nusra, asome humo, na kila akipita mtegee. Ameshajua "tega". Mfundishe na "natoa mji", asije akakaa miaka elfu anakisia kama wenyeji wake.

Wete nimeupokea. Nimekwenda, nimezunguka soko, nimerudi, na jibu umeshalipata. Sasa kaka yangu huna mji, mama alikuonya. Ukija, usije ukasukuma mlango kama mwenye nyumba. Hao wako walifika wakamwita mwenyewe mgeni, wewe usifanye mambo yao. Simama barazani, ubishe hodi, Muhsin atakufungulia.

Chai haijapoa.

Mdogo wako, mke wa mtu,
Sheikha